Kupunguza sukari bila kuacha chai: mwongozo kwa sisi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania

Mwambie mtu wa Njombe au Mafinga apunguze sukari, atakujibu kwamba yeye hali keki wala pipi. Anasema kweli. Sukari yetu huku inaingia kwa kikombe. Alfajiri kuna ukungu, vidole vimekufa ganzi, na chai ya kwanza inanywewa kabla hata jiko halijapoa: majani ya Mufindi au ya Rungwe yaliyochemshwa mpaka yakawa mekundu kama udongo wa barabarani, na sukari juu yake bila kuhesabu. Saa nne inakuja chai nyingine na maandazi. Jioni inakuja ya tatu. Katikati ya hapo kuna uji wa watoto, na soda akifika mgeni.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye chai na utakaa hapo kwa muda. Sikuombi uache chai. Kwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba hilo ni ombi lisilotekelezeka. Ninachosisitiza ni kwamba usiondoe sukari ukaacha tumbo tupu. Anayepunguza sukari bila kuongeza chakula cha kushiba asubuhi atachoka, atakuwa mkali kwa watu wa nyumbani, na baada ya siku chache atalirudia kopo la sukari. Anayeianza siku kwa viazi, maharage, yai au maziwa hupunguza bila kuhangaika sana.

Kabla hujaanza

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, hasa glibenklamidi, zungumza kwanza na daktari au muuguzi wa kliniki yako. Dozi yako ilipangwa kufuatana na ulaji wako. Ukibadili ulaji ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Hapo sukari inakuwa dawa. Vijiko vitatu au vinne vya chai vikorogwe kwenye maji, mgonjwa anywe kama bado anaweza kumeza, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, usimnyweshe chochote. Mkimbize kituo cha afya. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii isikose sukari kabisa, hata kama wengine wote wameiacha.

Vivyo hivyo kwa anayeharisha. Pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, ndiyo bora. Ikikosekana, mchanganyiko wa nyumbani ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 mfuto vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Humo usipunguze kitu, kwa sababu sukari ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza chumvi na maji.

Hatua ya kwanza: lipime kopo

Wiki ya kwanza usibadili chochote. Siku mnayofungua kilo ya sukari, andika tarehe kwenye pakiti au ukutani jikoni. Siku inayokwisha, andika tena. Kisha gawa gramu 1,000 kwa idadi ya siku, na jibu ulilopata ligawe kwa idadi ya watu wa nyumbani.

Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo kwa siku nne, kila mtu anakula gramu 50 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu yote tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Linasema pia kwamba kushuka chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko sita, kunaweza kuleta faida zaidi. Maana yake nyumba yetu ya mfano imeshafika kwenye dari kabla hatujahesabu soda ya sokoni Mwanjelwa, skonzi za dukani wala maandazi ya shuleni. Na mtoto, kwa kuwa anakula kidogo kuliko mtu mzima, dari lake liko chini zaidi.

Ninapenda kipimo hiki cha kopo kuliko kumuuliza mtu anatia vijiko vingapi. Kila mtu atakuambia viwili. Lakini kijiko mfuto cha chai kina kama gramu 4, na kile kilichofurika hubeba karibu mara mbili yake. Kopo halikosei. Kama nyumbani mnapika maandazi ya biashara, sukari yake iwekeni kando msichanganye hesabu.

Wapo wanaoamini kwamba familia yao haiwezi kupunguza. Wakumbuke mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei kupaa. Nyumba nyingi zilipunguza ndani ya wiki moja, bila daktari wala semina.

Hatua ya pili: itoe sukari kwenye sufuria

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa kwenye sufuria au kwenye chupa ya chai, ikakorogwa humo, na wote wanakunywa utamu uleule: babu mwenye presha, mama mjamzito, mtoto wa miaka mitatu. Mkishamaliza kulipima kopo, chai ipikwe bila sukari, kopo liwe mezani, kila mtu ajitilie mwenyewe kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kabla hata hujamwambia mtu apunguze, utaona matumizi yameshashuka, kwa sababu sasa kila anayetia anaona anachotia.

Kisha punguza nusu kijiko kila wiki. Aliyekuwa anatia vitatu atafika nusu kijiko wiki ya tano. Wapo wanaoacha siku moja wakafaulu, na sitawazuia. Lakini penye watu wengi na mazoea tofauti, mwendo wa nusu kijiko ndio unaodumu, maana ulimi huzoea. Baada ya wiki chache chai uliyokuwa unainywa zamani utaiona nzito mno.

Nikae kidogo kwenye upishi wenyewe, kwani ndipo wengi wanapokwama. Chai yetu hudai sukari kwa sababu tunayachemsha majani hadi yatoe uchungu wote. Majani yakikaa motoni muda mrefu hutoa tanini nyingi, kinywa kinakauka, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo. Jaribu hivi: chemsha maji peke yake hadi yatokote, epua, tia majani, funika, subiri dakika tatu hadi tano, chuja. Chai itakuwa na rangi na harufu, na uchungu utapungua sana. Tunakaa katikati ya mashamba ya chai, na itakuwa hasara kama hatujawahi kuonja majani yetu bila kuyazamisha kwenye sukari.

Anayependa ya maziwa ana nafuu, maana maziwa yana utamu wake wa asili. Mdalasini na iliki huifanya chai ionekane tamu zaidi kuliko ilivyo. Tangawizi iliyopondwa huleta joto ambalo watu wa Makete na Tukuyu wanalitafuta kwenye kikombe. Mchaichai unaota nyuma ya nyumba nyingi. Majani machache kwenye maji ya moto ni kinywaji kamili, hakidai kitu.

Angalizo moja. Wengi wakianza kupunguza sukari hupunguza na vikombe vyenyewe, halafu siku ya pili kichwa kinauma, wanasema mwili unadai sukari. Mara nyingi kinachodaiwa ni kafeini ya chai. Punguza sukari kwanza, idadi ya vikombe uiache kama ilivyo kwa wiki hizo za mwanzo.

Hatua ya tatu: kula kwanza, chai ifuate

Sukari ya dukani ni sukrosi, muungano wa glukosi na fruktosi. Haina nyuzinyuzi, haina protini, haina vitamini, na haina kazi kubwa ya kufanyiwa tumboni. Inaingia kwenye damu upesi, kongosho linatoa insulini kuiondoa, na kwa watu wengi baada ya saa moja au mbili njaa inarudi na macho yanakuwa mazito. Andazi halisaidii, kwani unga mweupe wa ngano nao huvunjwa haraka. Aliyekunywa chai tamu na maandazi mawili saa moja asubuhi, saa nne anatafuta tena. Ukiona njaa hiyo ya saa nne inakusumbua kila siku, kitazame kilichokuwa mezani saa moja.

Na hapa ndipo sisi wa nyanda za juu hatuna kisingizio. Viazi mviringo vya Uporoto na Makete. Magimbi na viazi vitamu. Ndizi za kupika za Rungwe, zile Wanyakyusa wanaziita mbalaga. Mahindi ya kuchemsha. Parachichi. Mayai ya kienyeji. Maziwa mgando. Karanga. Maharage ya jana usiku yaliyobaki, na kiporo cha makande ambacho kikipashwa vizuri kinamshikilia mtu hadi mchana.

Panga sahani ya asubuhi kwa vitu viwili: kimoja cha wanga usiokobolewa au wa kuchemsha, na kimoja cha protini au mafuta mazuri. Viazi vya kuchemsha na parachichi lililopondwa na chumvi kidogo na ndimu. Gimbi na yai. Ndizi zilizopikwa na maharage. Makande na kikombe cha maziwa. Kula hivyo kwanza, kisha ndipo umimine chai. Aliyeshiba hunywa chai kwa ajili ya joto na mazungumzo, na kijiko kimoja kinamtosha.

Tatizo ninalolisikia zaidi ni muda. Mama anayeamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto hana nafasi ya kumenya magimbi, na ni haki kabisa. Chemsha usiku uleule jiko likiwa bado na moto, hasa kama ni la mkaa au kuni. Viazi na magimbi yaliyochemshwa na maganda hulala vizuri kwa ubaridi wetu, asubuhi ni kupasha tu. Maharage yapikwe mengi jioni, sehemu ya asubuhi itengwe kabla watu hawajala, na yapashwe mpaka yatokote. Kazi hii isimwangukie mama peke yake. Baba na vijana wana mikono.

Kuhusu nguvu niseme ukweli. Ukirekebisha asubuhi, uchovu wa saa nne na usingizi wa mchana huenda vikapungua ndani ya wiki moja au mbili. Lakini uchovu una vyanzo vingi: upungufu wa damu, malaria, kukosa usingizi, msongo, kisukari chenyewe. Ukiwa umeshabadilisha chakula na bado mwili ni mzito kwa mwezi mzima, nenda ukapime.

Hatua ya nne: uji

Uji wa lishe wa ulezi, mahindi, soya na karanga ni chakula kizuri, kisha tunakiharibu kwa vijiko vinne vya sukari. Njia rahisi ni kuponda ndizi mbivu ndani yake au kumalizia na maziwa.

Kuna njia nyingine ambayo bibi zetu wanaijua na sisi tunaisahau: kimea. Ulezi huloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyouvunja wanga kuwa sukari nyepesi. Pika uji wako mzito, uepue, uache upoe hadi uwe wa moto bila kutokota, kisha tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Usitie ukiwa unachemka, kwani vimeng'enya vitakufa na hutapata kitu. Baada ya dakika kumi hivi uji utakuwa mwepesi na umeingia utamu. Urudishe motoni uchemke tena ndipo unywewe. Faida yake kwa mtoto ni kubwa kuliko utamu: uji mwepesi unakuwezesha kutia unga mwingi zaidi, na tumbo dogo likapata chakula zaidi kwa kikombe kilekile.

Togwa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Togwa ya nyumbani isiyotiwa sukari ni kinywaji chema kwa aliyetoka shamba. Ya kununua, uliza kwanza, kwani wauzaji wengine huongeza sukari. Mwenye kisukari ajue kwamba utamu wa kimea nao ni sukari, apime kiasi.

Hatua ya tano: chupa

Hapa sitachukua muda. Soma kwenye lebo gramu za sukari kwa mililita 100. Soda nyingi zina 10 au 11. Chupa ya mililita 350 inakupa takriban gramu 35, karibu vijiko tisa. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa bodaboda wa Uyole na madereva wa malori wanaokesha kati ya Makambako na Tunduma vingi vina sukari kama hiyo, na kafeini juu yake. Dereva anayesinzia anahitaji kusimama na kulala. Hakuna chupa inayochukua nafasi hiyo. Soda ibaki ya sherehe.

Juisi ya miwa ni sukari iliyokamuliwa. Ulanzi mtogwa, yaani ule wa mianzi ambao haujachacha, kwa wenzangu wa Iringa, utamu wake ni sukari pia. Juisi ya parachichi ni nzuri kama mpikaji hakutia sukari, na ukimwomba kabla hajaanza kusaga atakuwekea bila. Matunda yenyewe kula mazima bila woga: pichesi, plamu na matofaa ya Makete na Njombe, ndizi, mapapai na maembe ya Kyela. Nyuzinyuzi za tunda zima hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini, na ni vigumu kula machungwa manne kwa mkao mmoja, wakati kuyanywa ni dakika moja.

Na wale ndugu wa sukari wanaojificha. Sukari ya rangi ya kahawia mwilini ni sukari ileile. Sukari guru vilevile. Asali ya Chunya ina ladha ya ajabu, lakini hesabu yake inaingia kwenye vijiko vyako sita, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa kwa hatari ya sumu ya botulini. Dukani, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshapata jibu. Itafute pia kwa majina ya glukosi, dekstrosi na sharubati ya mahindi, hasa kwenye yogati za rangi na biskuti.

Ukiwa kwa watu

Kwa mama lishe chai imeshatiwa sukari tangu alfajiri. Wahi, sema mapema: "Shikamoo mama. Naomba yangu uchote kabla hujatia sukari." Siku ya tatu atakuwa anakutengea bila kuombwa. Ukienda kusalimia ukweni na kikombe kikaja kitamu, kinywe kwa heshima. Kikombe kimoja hakibomoi kitu. Msibani nako chai ni ya kuwatia watu nguvu, usianze somo la lishe mbele ya wafiwa. Mahali pa kushikilia msimamo ni nyumbani kwako, ambako unakunywa vikombe vingi kuliko kwingine kote.

Watoto

Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 uliiweka Iringa juu kabisa kwa udumavu nchini: zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Na huu ni mkoa wa mahindi, maharage na maziwa! Sababu za udumavu ni nyingi, lakini mojawapo tunaishika mkononi kila asubuhi: mtoto anapewa chai ya rangi yenye sukari na andazi, tumbo linajaa, na yai na maharage hayapati nafasi. Linaniuma sana hili. Mtoto wa chini ya miaka miwili asitiliwe sukari wala asipewe soda. Anayezaliwa leo hajui utamu wa chai mpaka tumfundishe. Kwa mkubwa, punguza naye kwa nusu kijiko kama mtu mzima, na umpe karanga za kuchemsha au yai aende nalo shule badala ya hela ya biskuti. Meno yake nayo yatakushukuru: bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na anayelambalamba vitu vitamu kutwa nzima huoza meno zaidi kuliko anayekula mara moja pamoja na mlo.

Mwezi wa pili

Fungua kilo mpya, andika tarehe, rudia hesabu ya kopo. Nyumba yetu ya watu watano ikifikisha siku nane kwa kilo, imefika gramu 25 kwa mtu. Kama bado mko siku tano, angalieni ni kikombe cha saa ngapi kinachobeba sukari nyingi, mpambane na hicho peke yake.

Ukipata nafasi, pima sukari ya damu asubuhi kabla hujala, kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kwa kipimo cha mmol/L, chini ya 6.1 ni kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni hatua ya tahadhari, rudi upimwe tena baada ya miezi michache. Ikiwa 7.0 au zaidi, kipimo kirudiwe siku nyingine kuthibitisha. Andika namba na tarehe kwenye daftari lilelile la kopo, uende nalo siku ya kumwona daktari.